Zaburi ya Mfalme na Haki ya Mkiwa

Mkiwa ni mahali pa njia panda. Barabara itokayo Dodoma kwa njia ya Manyoni hupanda kuelekea Singida, na ifikapo Mkiwa huachana na njia nyingine iendayo Itigi, ambayo hupenya vichaka vizito, ikashika Rungwa na kuendelea hadi upande wa Mbeya. Nchi ni kame. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, aghalabu tangu Desemba hata Aprili, na ikikosa kunyesha katika miezi hiyo hakuna msimu wa pili wa kuutarajia, kama walivyo navyo watu wa pwani vuli na masika. Wenyeji hulima mtama, uwele na alizeti, hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, hurina asali. Hiyo ni nchi ya Wanyaturu, na si mbali kusini na mashariki yake ni Wagogo, na magharibi, ng'ambo ya vichaka, ni Wakimbu.

Jina la mahali hapa lina uzito katika masikio ya Mswahili. Mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, aliyefiwa au aliyeachwa, asiye na wa kumwendea wala wa kumsemea. Si lazima awe fukara, ijapokuwa ufukara humfuata upesi. Neno lenyewe limo katika Zaburi, kwa kuwa katika Zaburi ya 25 mwombaji hujiita hivyo mbele ya Mungu wake. Kweli, kufanana kwa maneno mawili si hoja ya asili ya jina: majina ya nchi ya kati yana mizizi yake katika lugha za wenyeji, na mwanachuoni mwenye hadhari hatamlazimisha Mnyaturu kuipa ardhi yake jina kwa Kiunguja. Walakini mtu aisomapo Zaburi ya 72 akiwa mahali penye jina hili hawezi kuepuka kusikia kwamba zaburi hiyo, iitwayo ya mfalme, kwa hakika ni zaburi ya mkiwa.

Kila mpenda Zaburi ana moja aipendayo kuliko nyingine. Wengi huichagua ya 23 kwa ajili ya mchungaji, au ya 121 kwa ajili ya milima na safari. Ya 72 haina bahati hiyo. Katika Kanisa la Magharibi imezoea kuimbwa siku ya Epifania, kwa kuwa inawataja wafalme wa mbali wanaokuja na zawadi, na kwa sababu hiyo wasikilizaji wengi hukumbuka dhahabu ya Sheba wakasahau mengine. Hata nambari yake huwachanganya watu: Wakatoliki waliofuata hesabu ya Kilatini waliijua kuwa ya 71, hali Waprotestanti jirani zao waliiita ya 72, na pengine watu wawili wa kijiji kimoja walipenda zaburi ile ile wasijue.

Mpango wa zaburi hiyo wastahili kuangaliwa kwa makini. Inaanza kwa kumwombea mfalme, si ushindi wala maisha marefu, bali uwezo wa kuhukumu kama Mungu ahukumuvyo. Kisha milima inaleta amani, mwonevu anavunjwa, na mfalme anashuka juu ya watu wake kama mvua juu ya majani yaliyokatwa. Baadaye enzi yake inaenea toka bahari hata bahari, na wafalme wa Tarshishi, wa Sheba na wa Seba wanamletea kodi na vipawa. Hapo msomaji hutazamia kuelezwa nguvu za majeshi yake, maana kwa desturi ya dunia wafalme hawamsujudii mwenzao bila sababu ya upanga. Zaburi haisemi hivyo. Katika mstari wa 12 linakuja neno dogo la kueleza sababu, lile ambalo kwa Kiswahili ni «kwa maana», na sababu itolewayo ni kwamba mfalme huyo humwokoa mhitaji anapolia, na yule asiye na msaidizi. Zaburi yote imening'inia juu ya neno hilo. Ukiliondoa, hubaki sifa za ikulu kama zile zilizoimbwa mbele ya kila kiti cha enzi. Ukiliacha mahali pake, kodi ya mataifa yote inakuwa tunda la kusikia kilio cha mtu mmoja.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba zaburi hii imeandikwa kwa jina la Sulemani. Mfalme huyo mwenyewe, kama kinavyosimulia Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, aliwatoza watu kazi za shokoa kwa majengo yake, hata alipokufa wazee wakamwendea Rehoboamu mwanawe kulalamikia nira nzito ya baba yake. Ombi likakataliwa kwa maneno ya ukali, na ufalme ukagawanyika vipande viwili. Basi zaburi na historia hazikubaliani, na kutokubaliana huko si aibu ya zaburi. Maombi hayo yalimkalia mfalme kama deni. Kila yalipoimbwa mbele yake, yalimdai kile alichokuwa hajatoa.

Msomaji wa mjini aweza kuyaona maneno ya mvua katika zaburi hii kuwa ni mapambo ya ushairi. Katika Ugogo na nchi zilizo jirani nayo hayakuwa mapambo. Mtemi wa Kigogo hakuwa mtawala wa majeshi. Enzi yake ilikuwa zaidi ya ibada kuliko ya mabavu. Yeye ndiye aliyeshika mawe ya mvua aliyoyarithi kwa wazee wake, na kwake ndiko watu walikotazamia nchi ipate mvua, mifugo izae na mashamba yakomae. Mvua ilipochelewa, watu walitaka ijulikane nchi imepatwa na nini. Pia mashauri ya kuua mtu yalimhusu mtemi, kwa kuwa damu iliyomwagika ilihesabiwa kuidhuru ardhi yenyewe, wala si jamaa wa marehemu peke yao. Mtu aliyelelewa katika mawazo hayo, akisikia kuhusu mfalme ambaye damu ya wanyonge ina thamani machoni pake na ambaye mbele yake mvua hunyesha, hahitaji kufafanuliwa uhusiano wa mambo hayo mawili. Mfasiri anayehangaika juu ya maana ya majani yaliyokatwa, kama ni ya kufyekwa au ya kuliwa na kondoo, angejibiwa upesi na mchungaji yeyote wa nchi ya kati: ni yale ambayo yasiponyeshewa upesi hufa hata mizizi.

Lenyewe neno mtemi hutolewa na wengi katika kitenzi kutema, yaani kukata, na wako wanaosema kwamba maana ya asili ni kukata vichaka ili watu wakae, na wengine kwamba ni kukata mashauri. Kiswahili nacho husema kukata shauri na kukata kesi. Wanyaturu, tofauti na majirani zao, hawakuwa na mtemi mmoja wa nchi nzima hapo kale. Wazee wa koo ndio walioketi na kuyaamua mambo, na wakubwa wa kukusanya kodi waliwekwa baadaye na serikali ya kigeni. Kwa hiyo huko Mkiwa zaburi ya mfalme haikumkuta mfalme. Lakini kiti cha kuamulia kilikuwapo, nao walikuwapo watu waliokikaribia wakiwa na jamaa wengi nyuma yao, na wengine waliokikaribia peke yao.

Jambo la pili ambalo nchi hii hulifahamu ni kodi ya wapitao. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na ya biashara kutoka pwani ilipita Ugogo kwenda Unyanyembe na Ujiji, na mbele yake ilikuwa Mgunda Mkali, nyika ile ya vichaka ambamo maji yalikuwa ya shida na chakula hakuna. Msafara usiopata maji na nafaka Ugogo haukuweza kuvuka. Watemi walijua hivyo, wakatoza hongo: nguo, shanga na waya. Burton na Speke walilipa mwaka 1857, Stanley akalipa mwaka 1871, na vitabu vya wasafiri wa aina hiyo vimejaa manung'uniko juu ya uroho wa Wagogo. Manung'uniko hayo yafaa kupokelewa kwa tahadhari. Kisima kimoja katika nchi kavu hakiwezi kunywewa na mamia ya wapagazi bila wenyeji na ng'ombe zao kupungukiwa, na aliyekuwa na dhamana ya maji hayo alikuwa na haki ya kuuliza bei yake. Wajerumani walipoisimamisha mamlaka yao Kilimatinde katika miaka ya 1890, hongo ya njiani ilikomeshwa, na utozaji ukahamia kwao kwa jina lingine.

Neno lenyewe halikufa. Hongo, ambayo ilikuwa ushuru wa wazi uliolipwa mchana mbele ya watu wote, leo kwa Kiswahili ni rushwa inayotolewa kwa siri ili haki ipindishwe. Ni maneno machache yaliyoshuka namna hiyo, na mteremko wake ni sawa kabisa na swali la Zaburi ya 72. Vipawa vya Sheba humfikia mfalme baada ya kumsikia maskini, na kwa sababu hiyo; ni heshima. Kipawa kile kile kikifika kabla ya shauri kusikiwa, huwa ni bei ya kutomsikia. Mizani ya dhahabu haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni wakati wa kuitoa, na nani yuko mlangoni anangoja.

Hata hivyo hakuna maelezo ya zaburi hii yaliyo makali kuliko yale yaliyoandikwa na njaa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika nchi ya kati, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya upande wa Uingereza yaliitwaa Dodoma, nayo yakahitaji ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, tangu 1917 hata 1920, Wagogo waliiita Mtunya, jina linaloelezwa kuwa ni la kunyang'anyana na kugombania. Hukisiwa kwamba katika watu wapatao 150,000 wa Ugogo walikufa 30,000, yaani mtu mmoja kati ya watano.

Ukame peke yake haukutosha kufanya hivyo. Nchi ile ilikuwa imekosa mvua mara nyingi, na kwa kila mara watu walikuwa na ghala, na wasipokuwa na ghala walikuwa na ng'ombe wa kubadili kwa nafaka, na wasipokuwa na ng'ombe walikuwa na ndugu katika nchi nyingine na vijana wenye miguu ya kwenda huko. Safari hii ghala, ng'ombe na vijana vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa na wenye enzi wawili mmoja baada ya mwingine, kabla mawingu hayajakosekana. Mpangilio wa zaburi ni haki kwanza, kisha mvua na wingi wa nafaka hata juu ya milima. Mtunya ulikuwa ni mpangilio huo huo uliosomwa kinyume. Alipokosekana wa kumsikia mhitaji, mvua iliyokosa ikaua.

Mwaka 1917, mwaka ule ule njaa ilipoanza, alizaliwa katika Ugogo mtoto aliyekuja kuwa mshairi mkubwa wa nchi ya kati, Mathias Mnyampala. Alikuwa Mgogo na Mkatoliki. Alishika kazi za utawala na za mahakama. Na Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama yake, alikipata kwa bidii hata akaheshimiwa na malenga wa pwani. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, na mwaka 1963 diwani yake. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na ndiye hasa aliyeistawisha ngonjera. Alifariki mwaka 1969. Katika kazi zake za dini aliitunga Enjili kuwa utenzi, na Zaburi kuwa utenzi.

Hiyo ya Zaburi haikutajwa sana kama ngonjera zake, na ni hasara, kwa sababu ndani yake mna jaribio gumu. Ushairi wa Kiebrania hausimami juu ya vina. Husimama juu ya sentensi mbili zilizowekwa bega kwa bega, ya pili ikirudia ya kwanza kwa maneno mengine au kuisukuma mbele kidogo. Utenzi, kwa kanuni yake, una vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vya kwanza vikifuata kina kimoja na cha nne kikishika kina kinachokwenda mpaka mwisho. Zaburi hukaa mahali pamoja ikiligeuza jambo; utenzi hutembea, kwa kuwa ulizoea kusimulia vita na safari. Kuitia Zaburi katika utenzi ni kumsimamisha mwenda mbio na kumwomba asali. Alithubutu kufanya hivyo mtu aliyezijua sauti zote mbili, ya kanisani na ya barazani kwa malenga. Na zaidi ya hayo, alikuwa mtu wa mahakama. Maneno haki, hukumu, dhuluma na mnyonge hayakuwa kwake maneno ya Jumapili tu. Aliyasikia Jumatatu pia, kutoka kwa watu waliokuja kushtaki juu ya ng'ombe, mahari na mipaka ya mashamba. Wakati Azimio la Arusha lilipotangazwa mwezi wa Februari 1967, aliandika kitabu kizima kulilinganisha na Maandiko Matakatifu, kilichochapwa miaka mingi baada ya kufa kwake. Mtu aweza kukubaliana naye au asikubaliane katika siasa, lakini ni dhahiri kwamba kwake Maandiko yalikuwa na neno la kusema juu ya nani ashibe na nani alale njaa.

Maneno hayo ya haki yana safari yake. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu, alizifasiri Zaburi katika mji uliokuwa na makadhi, ambamo haki na dhuluma vilikuwa maneno ya kila siku ya Waislamu, na hata jina zaburi watu walilijua kuwa ni la kitabu cha Nabii Daudi. Hakuhitaji kuyaunda, aliyakuta barazani. Karl Roehl, ambaye Biblia yake nzima ilitoka mwaka 1937, alipenda kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kuyatafuta ya Kibantu, lakini katika mambo ya haki kazi hiyo ni ngumu, na tafsiri ya muungano ya mwaka 1952 ilibaki na lugha ya mahakama. Ndivyo ilivyopasa. Zaburi ya 72 ina ombi ndani yake, nalo ombi lina harufu ya baraza ya hukumu. Ukilisafisha mno, mkiwa hatajua kwamba ni shauri lake linalosomwa.

Mwaka 1963 Tanganyika iliufuta utemi katika sheria, na mwaka huo huo ikatunga sheria ya mahakama za mahakimu, ambayo kwayo mahakama za mwanzo zilichukua mahali pa zile za wenyeji zilizofungamana na watemi. Aliyekuwa mtawala na mwamuzi kwa pamoja akagawanywa kuwa watu wawili. Tangu hapo ombi la zaburi lilimwangukia hakimu mwenye mshahara, asiye na mawe ya mvua, ahamishwaye toka wilaya hata wilaya. Mwaka 2000 Katiba ya Muungano iliongezewa Ibara ya 107A, inayoziagiza mahakama kutenda haki kwa wote bila kujali hali ya mtu katika jamii au katika uchumi, na kutoichelewesha bila sababu ya msingi.

Lakini mhitaji aliapo, hulia kwa lugha fulani. Katika mahakama ya mwanzo mtu wa Mkiwa aliweza tangu awali kusema kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Shauri lake lilipopanda kwa rufaa, liliandikwa kwa Kiingereza, na aliyeshinda na aliyeshindwa walitoka wote wawili wakimwuliza karani kilichoamuliwa. Ilikuwa hivyo kwa miaka 60 baada ya uhuru, katika nchi iliyojisifu kwa lugha yake. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zote, Kiingereza kikiachwa kutumika pale tu ambapo haki itahitaji hivyo. Na mzee anayegombea shamba lake kando ya njia ya Itigi akapewa na sheria nafasi ya kusomewa hukumu ya rufaa, akaielewa neno kwa neno akiwa bado amesimama mbele ya jaji.